Moshi Uliotufuata

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mwalimu wa nasari ameniita kabla sijamaliza kufua. Mumbua amemuuma mwenzake shavuni, na mara hii damu imetoka. Mama wa yule mtoto alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, mikono kiunoni. Mimi na tumbo langu hili la miezi sita sikujua niombe msamaha ama nikae kimya.

Mwalimu ni mtu mpole. Alinivuta kando.

"Mama Mumbua, mimi sikufukuzi. Lakini huyu msichana anaenda miaka tano. Wenzake wanaimba, wanahesabu. Yeye hata ukimwita jina haitiki. Umempeleka wapi?"

Nimempeleka wapi? Nimempeleka kanisani akawekewa mikono. Nimempeleka akapimwa masikio, wakasema anasikia vizuri. Mama mkwe alitaka tumpeleke Kitui kwa mtu anayejua mambo ya nyumbani, bwanangu Kavoi akakataa. "Kila mtoto na wakati wake," ndivyo Kavoi husema kila nikilia.

Mwaka jana Mumbua alikuwa akisema "baba". Siku hizi hasemi. Amebaki na "maji", "hapana" na "lete".

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mumbua hakutulia kutwa.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ikinyesha moshi haupandi. Unalala juu ya mabati yetu, halafu unashuka ndani kama mgeni asiyebisha. Unaacha ladha ya utamu ulimini ambayo hata chai haiondoi.

Moshi huu ni wa yadi ya Wakoli, tajiri wa Kavoi, na ukuta wa yadi ndio ukuta wetu wa nyuma. Pale ndipo Kavoi anafanya kazi. Wanapasua betri kuukuu za gari kwa shoka, wanamwaga yale maji makali mtaroni, halafu wanatoa vile vipande vizito vya ndani na kuviyeyusha kwenye masufuria makubwa. Ukiishi hapa Laini Saba, Kibera, karibu na reli, hujiulizi moshi wa nani. Fundi wa jiko ana moshi, mchoma mahindi ana moshi. Sisi tulihesabu bahati kwamba bwana anafanya kazi hatua chache kutoka mlangoni na anarudi kula mchana nyumbani.

Jirani yangu Amondi naye bwanake yuko yadi, naye ni mjamzito kama mimi. Mtoto wake, Kevin, akikasirika anajitupa chini na kugonga kichwa sakafuni. Leo tulikuwa tunamenya viazi pamoja, akaniambia, "Hii ploti yetu imelaaniwa na watoto watundu." Tukacheka. Tulicheka sana, mpaka viazi vikamwagika.

Alhamisi, 14 Machi

Tumbo la Kavoi limemkaza tena. Amelala amejikunja kama mtoto, halafu asubuhi ameenda kazini.

Jumatano, 20 Machi

Kumekuwa na madaktari waliokuja kupima watoto kwenye ukumbi wa kanisa. Bure. Nilienda kwa sababu ya yale maneno ya mwalimu. Daktari aliyemwona Mumbua anaitwa Mbithi, Mkamba mwenzetu, kijana wa miwani. Alimwangalia akizunguka chumba, akajaribu kumpa penseli, akamwita. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Mnaishi wapi hapa Laini Saba?"

Nikamwelekeza. Akaacha kuandika.

"Ile ploti iko nyuma ya yadi ya betri? Wewe ni mama wa tatu leo kutoka hapo."

Alitaka damu ya Mumbua na damu yangu. Kumshika Mumbua kulihitaji watu wazima wanne. Aliniuma begani na sikumkemea, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa kitu ambacho sikijui jina.

Jumatano, 27 Machi

Maji ya yadi yamepita chini ya ukuta na kuingia ndani. Meusi. Nimeyachota kwa karai siku nzima, lile lile ninalomwogeshea mtoto.

Jumanne, 2 Aprili

Majibu yametoka. Nimeshika kalamu tangu niliposafisha vyombo na sijui nianzie wapi.

Amondi aliingia kwa daktari kwanza. Alipotoka alinipita bila kuniangalia, nikajua. Daktari Mbithi alifunga mlango. Mumbua alipanda mezani, nikamshusha, akapanda tena, daktari akasema nimwache tu.

"Mama Mumbua, damu ya mtoto ina risasi. Imezidi sana."

Nikamwambia, "Daktari, mtoto wangu hajawahi kupigwa risasi."

Hakucheka. Alivua miwani.

"Si ile ya bunduki, mama. Risasi ni madini. Ni ile kitu nzito iko ndani ya betri, ile bwanako anayeyusha. Ikiyeyuka inatoka na moshi, moshi unatua, unakuwa vumbi. Iko kwa ukuta. Iko kwa nguo zake za kazi ukizifua. Iko kwa vidole vya mtoto akivilamba. Huwezi kuiona."

"Ameilamba lini?"

"Ulihamia pale lini?"

"Tulipooana. Sikuwa nimepata mimba."

Alipangusa miwani polepole, kama mtu anayetafuta njia ya kupita penye matope.

"Basi ilianza kabla hajazaliwa. Mwili wa mama ukivuta hiyo vumbi unaiweka kwa mifupa, unadhani ni chakula cha mifupa. Ukishika mimba mtoto anaanza kudai mifupa yake. Mwili wako unafungua ghala umpe. Na ile risasi inatoka pamoja. Kondo la nyuma haliwezi kuizuia. Inafika kwa ubongo wake wakati ule ule ubongo unajengwa. Ndio unaona kuongea kunachelewa. Kutulia hawezi. Hasira inakuja bila sababu. Huyu mtoto si mtundu, mama. Na hajarogwa."

Nilimuuliza dawa. Alisema iko ya kulazwa, ya wale ambao damu yao imefika mahali pa kufa, na Mumbua hajafika hapo. Dawa yake ni kutoka pale. "Na ile akili imepotea tayari?" nikauliza. Alisema kitakachomsaidia ni kufundishwa kwa subira, mapema, na kula vizuri. Sikusikia akisema itarudi.

Halafu nikaweka mkono tumboni.

"Wewe pia unayo," akasema. "Kwa hivyo na yeye. Lakini bado anajengwa. Kila siku unayokaa mbali na hiyo moshi ni yake. Kunywa maziwa, kula omena na mboga, meza tembe za damu bila kuruka. Na utoke pale, mama. Utoke."

Nilirudi kwa kufuata reli huku nimembeba Mumbua mgongoni ingawa ni mkubwa. Nilikuwa nakumbuka mimba yake. Wakati ule nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Kila mchana nilimpelekea Kavoi chakula ndani ya yadi nikakaa naye akila. Palikuwa na betri zimepangwa, nazo zilikuwa na kimo kizuri cha mtu mwenye tumbo. Nilizikalia kama stuli. Kavoi alikuwa akiweka mkono wake mweusi juu ya gauni langu asikie mtoto akicheza.

Jioni nimemwambia. Alikuwa anakula.

"Nani amesema hivyo?"

"Daktari."

"Huyo daktari analala wapi? Analala hapa? Yeye akwambie utoke, uende wapi?" Akajigonga kifua. "Mimi niko kwa hiyo kazi mwaka wa saba. Niangalie. Nimekufa?"

Nikamwambia mtoto si mtu mzima, ubongo wake ni kama unga uliokandwa sasa hivi, kila kidole kinaacha alama. Akasukuma sahani.

"Kwa hivyo mimi ndio nimeharibu mtoto wangu."

"Sijasema hivyo, Baba Mumbua."

"Ndio hiyo umesema."

Ametoka nje akasimama kwenye mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Kavoi ameondoka bila kunywa chai.

Ijumaa, 5 Aprili

Sasa naona vumbi kila mahali. Nimefuta ukuta mara nyingi hata kitambaa kimechanika. Mumbua anaweka kijiko mdomoni, nakinyakua. Anashika kuta, nampiga vidole. Analia, na mimi nalia. Kisha namwangalia akinichukia na najiuliza hiyo chuki ni yake ama ni ya risasi. Hilo ndilo linalonitesa zaidi. Sijui tena mwanangu anaishia wapi na sumu inaanzia wapi.

Amondi amekuja. "Wewe uko na dada Kawangware," akaniambia. "Mimi niko na nani?"

Jumatano, 10 Aprili

Mtoto wa Amondi aliacha kucheza tumboni jana. Leo wamemtoa. Alikuwa msichana, ameshakamilika kucha na nywele. Nilimkuta Amondi kitandani hospitalini ameangalia dari, maziwa yamelowesha gauni lake. Daktari wa wodi alisema hawezi kuthibitisha kilichomuua, mambo ni mengi. Labda ni kweli. Amondi aliniangalia mara moja tu.

"Toka, Mama Mumbua. Usingojee bwana akubali."

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefunga virago. Daktari alinionya nisibebe vumbi pamoja nami, kwa hivyo godoro limebaki, na blanketi, na mwanasesere wa Mumbua wa kitambaa. Alipiga mayowe kwa ajili ya huyo mwanasesere mpaka majirani wakatoka.

Nilidhani Kavoi atanizuia. Alisimama mlangoni na ovaroli yake, akatuangalia. Halafu akachukua mfuko mzito na kuubeba hadi barabarani. Alipomwinamia Mumbua nilimvuta mtoto, ovaroli isimguse. Mkono wake ukabaki hewani. Sitausahau uso wake.

Jumapili, 14 Aprili

Tuko Gatina, huku Kawangware, kwa dada yangu Mukai. Mumewe alifariki, anaishi peke yake, anauza chapati na maharagwe nje ya mlango wake. Mumbua amevunja vikombe viwili na kumwaga unga. Mukai amefagia tu. "Nyumba ilikuwa kimya sana, Ndanu," akasema.

Hewa ya hapa ina harufu ya mafuta ya kupikia na ya mtaro. Naivuta hadi ndani kabisa, kwa ajili yake.

Jumapili, 21 Aprili

Kavoi amekuja. Mukai alimpokea mlangoni na beseni, sabuni, na shati la marehemu.

"Karibu, shemeji. Lakini hizo nguo zibaki nje."

Kavoi alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona sicheki, akaoga nyuma ya nyumba kama mtoto aliyetoka kuchezea matope. Mumbua alimpanda magotini na kumvuta masikio, na kwa muda tulikuwa kama watu.

Nilimpa chai akaiangusha. Nikampa kikombe kingine, nikaona. Kiganja chake cha kulia kinaning'inia. Hawezi kukiinua.

"Imekufa ganzi tu. Nimelalia vibaya."

"Tangu lini?"

"Mama Mumbua, niache ninywe chai."

Jumatano, 24 Aprili

Mvua hii si ya kawaida. Mito imefurika, watu wamelala nje. Barabara ya kwetu Kitui wanasema imekatika.

Jumanne, 30 Aprili

Amondi amenipigia simu akipiga kelele. Aliwachukua wanawake wa ploti, wakaenda kwa chifu na majibu ya watoto wao, na hawakuondoka. Leo watu wa serikali wamekuja, wamezima masufuria na kutia kufuli kwenye lango la Wakoli.

"Tumeifunga, Mama Mumbua! Tumeifunga!"

Nimelia mpaka Mukai akadhani uchungu umeanza. Kisha nimempigia Kavoi, hakushika.

Jumatatu, 6 Mei

Kavoi amekuja leo, safi, amenyoa, amebeba tikiti maji kwapani. Alikuwa akitabasamu kama siku ile alipokuja kwetu kujitambulisha.

"Sasa nitakuwa karibu na nyinyi," akasema. "Hata nitalala hapa hapa. Wakoli amepata kiwanja kingine na amenifanya msimamizi. Mimi sitashika moto tena, nitasimamia vijana."

"Kiwanja wapi?"

"Hapa Gatina. Nyuma ya wauza mbao. Mukai anapajua."

Mukai alikuwa anasukuma chapati. Kijiti kilisimama.

Nikamwambia, "Baba Mumbua, umetufuata nayo."

Hakuelewa. Naapa hakuelewa. Alidhani ameniletea habari njema.

Jumatano, 8 Mei

Nimeuona moshi. Mweupe kwanza, halafu wa rangi ya majivu, nyuma ya mbao. Mvua ikaukandamiza ukashuka juu ya vibanda. Chini yake wanawake wanaanua nguo za watoto, na nasari ya pale ina dirisha lisilo na kioo. Ile ladha ya utamu imerudi ulimini mwangu.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikajaribu kufikiria mahali pengine. Sina dada mwingine. Kitui hakufikiki, na hata barabara ikifunguliwa, tumbo hili halitamaliza safari. Nilifikiria kuingia hospitali yoyote na kuwaambia wanipasue sasa hivi, wamtoe, labda nje yangu atakuwa salama kuliko ndani. Hayo ndiyo mawazo niliyofikia. Mama anataka kumwokoa mtoto kutoka kwa mifupa yake mwenyewe.

Nimempigia Daktari Mbithi. Amesema atawaarifu wale wale waliofunga kule Kibera, lakini itachukua muda. Mimi sina muda wa kumpa mtu.

Ijumaa, 10 Mei

Mukai amefunga biashara. "Hawa watu wote wamekula chapati zangu," akasema. "Watanisikiliza."

Tumepita mlango kwa mlango, yeye, mimi na Mumbua. Wengine walitukaribisha. Wengine walisema watoto wao wako sawa, tusiwaletee ugonjwa wetu wa Kibera. Kijana mmoja alitufuata akitukana, ameandikwa kazi juzi tu pale yadi.

Waliokuwa wagumu, Mukai aliwaambia, "Mwangalie huyu." Mumbua akaonyeshwa. Aliulizwa jina lake asijibu. Aliulizwa umri asijibu. Alizungushwa kama nguo ya mtumba ikitafutwa tundu. Wanawake walishika midomo yao, na wajawazito walishika matumbo. Ilifanya kazi. Mimi nilikuwa nimemshika mkono.

Jumatatu, 13 Mei

Leo tumeenda langoni. Tulikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wengine na watoto mgongoni, wote tumelowa. Landilodi wa ploti kubwa ya pale alikuja pia, akiogopa wapangaji wake watahama.

Aliyetokea ni Kavoi. Msimamizi. Nyuma yake vijana walikuwa wameshika mashoka ya kupasulia, na moto unawaka.

"Mama Mumbua, rudi nyumbani," akasema kwa sauti ya chini. "Usiniaibishe mbele ya watu."

Mwanamke mmoja, ambaye hakutujua, akamsukumia Mumbua mbele. "Wewe msimamizi, ona! Hii moshi yenu ndio ilifanya mtoto wa wenyewe hivi! Huyu ni mtoto wa nani, unajua?"

Kelele zikaisha. Mumbua alikuwa amesimama katikati, anajipiga paja kama anavyofanya akiogopa. Mvua ilikuwa inagonga mabati ya lango. Nilisema moyoni, akimkana nitalala hapa hapa matopeni na sitaamka.

"Ni wangu," Kavoi akasema.

Watu hawakusikia vizuri. Akarudia kwa nguvu.

"Huyo mtoto ni wangu. Mimi ni babake."

Kijana mmoja nyuma yake alipaza sauti kwamba afunge lango. Kavoi aligeuka, akajaribu kuinua komeo la chuma kwa mkono wa kulia. Mkono ukalegea. Akajaribu tena, ukalegea, na sote tulikuwa tunaona. Mwanaume niliyemwona akibeba betri mbili mbili kwapani ameshindwa na komeo. Akaliacha. Akapita katikati yetu bila kumwangalia yeyote, na wanawake wakaingia na mchanga na ndoo za maji.

Moto ulizimwa kwa kelele nyingi za mvuke. Wakoli alikuja na gari, akatupigia makelele, landilodi naye akampigia makelele. Jioni walikuwa wanapakia masufuria yao. Mukai aliwauliza wanayapeleka wapi. Hakuna aliyemjibu.

Jumanne, 14 Mei

Kavoi hajarudi. Simu imezimwa.

Ijumaa, 17 Mei

Hajarudi. Mvua imepungua. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na kila nikijaribu namwona akishindwa na lile komeo.

Alhamisi, 23 Mei

Uchungu umeanza kabla ya wakati. Mukai anatafuta gari. Naandika hili nikiwa nimesimama

Jumatatu, 27 Mei

Ni mvulana. Ni mdogo, mkunga alimshika kwa kiganja kimoja na nusu. Analia vizuri. Ananyonya. Nimehesabu vidole vyake kama kila mama, huku nikijua kwamba ninachokitafuta hakiko vidoleni. Daktari Mbithi alikuwa ameomba wachukue damu ya kitovu.

Jumanne, 28 Mei

Kavoi alikuja wodini leo. Siku hizi zote alikuwa analala Kibera kwa rafiki, anabeba mawe ya mjengo kwa mkono mmoja na msimamizi wa huko anamvumilia. Alisimama mlangoni, akauliza kama anaruhusiwa kuingia. Kucha zake zilikuwa zimesuguliwa mpaka zimevimba.

"Anaitwa nani?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Musau," akasema. "Kama babangu."

Nilimwekea mtoto mikononi. Alimwangalia sana, akasema bila kuinua kichwa, "Nilisikia vile ulisema, siku ile ya kwanza. Nilisikia vizuri. Sikujua mtu anaishi vipi baada ya kusikia kitu kama hiyo."

Nilisogea akakaa.

Alhamisi, 6 Juni

Majibu ya Musau. Iko. Ni kidogo kuliko ya dada yake, lakini iko. Nilimuuliza daktari kama kutoka vile mapema kulimsaidia. Alisema anaamini hivyo. Nikauliza tutajua lini.

"Akianza kuongea. Akienda shule. Tutakuwa tunamwangalia."

Miaka, yaani. Nimekuwa nikitazama usingizi wake. Akistuka, nastuka. Asipostuka, namgusa.

Jumapili, 9 Juni

Leo wamekuja wanawake wa kanisa kumwona mtoto. Mukai alikaanga maandazi. Kavoi alikuwa nje akirekebisha mlango. Mama mchungaji alimchukua Musau, tukafumba macho, akaomba kwa sauti kubwa: Bwana ampe nguvu, Bwana amzungushie ukuta wa moto, Bwana amkinge, asije akawa kama dada yake.

"Amina," wakasema wote. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote.

Nilipofumbua macho, Mumbua alikuwa amesimama mbele yangu. Kwa kawaida hamwangalii mtu machoni. Alikuwa ananiangalia. Sijui alielewa nini. Daktari alishaniambia kuchelewa kuongea si kutosikia, na nilimjibu ndiyo, ndiyo, kisha nikaendelea kusema mbele yake kana kwamba ni kiti.

Aligeuka akatoka. Nilifikiri amemfuata babake. Kavoi akaniuliza kutoka nje, "Mumbua yuko wapi?"

Tulimtafuta kwenye manyunyu, Mukai njia ya juu, Kavoi njia ya chini, mimi nikiwa bado na maumivu ya uzazi, nikiita jina ambalo najua haliitikii. Huko chini kuna mto uliojaa. Nilifika mahali nikaacha kuita, nikawa natoa tu sauti.

Kavoi ndiye aliyempata, chini ya paa la kinyozi, amekaa ukutani anajiuma mkono wake mwenyewe. Hakumkemea wala kumvuta. Alikaa karibu naye kwenye maji hadi akaacha, kisha akamwinua.

Wageni walikuwa wanakunywa chai. Mama mchungaji akasema, "Asante Mungu, amepatikana," akaanza kukusanya vitu vyake.

"Mama mchungaji, ombeni tena," nikamwambia.

"Tumeshamwombea mtoto, Ndanu."

"Mwombeeni huyu. Yeye mwenyewe, kwa jina lake."

Walitazamana. Nilimkalisha Mumbua mapajani akiwa ameloa, wakaweka mikono yao kichwani mwake, na mama mchungaji akatafuta maneno kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipofika katikati Mumbua aliteremka, akajipenyeza chini ya mikono yao, akachukua andazi kwenye sahani ya mgeni na kuanza kulila. Hakuna aliyemnyang'anya. Mama mchungaji alifungua jicho moja, akamwona, akaendelea kumwombea pale alipokuwa amesimama.